Nyumba za kubeti karibu na shule: tuzifunge, tuziwekee mipaka, au tufundishane tu?

Wandugu wa Lubumbashi, naleta neno lililoigawa likelemba yetu, chama chetu cha kuchanga pesa na kupokea kwa zamu, hapa Kenya, komine (sehemu ya utawala) ya mji wetu. Tuko wamama kumi na wawili. Zamu ya mwenzetu ilipofika, alipokea kwenye simu pesa ya sekondari ya watoto wake, na mwanawe wa miaka 16 aliichukua simu ya mama usiku akazibeti zote kwenye mechi. Alianzia mashine za jetoni, zile za kamari, zilizo njiani mwa shule, kwa franga 500.

Tangu siku ile tunabishana. Wengine wanataka komine ifunge kila nyumba ya kubeti. Wengine wanasema elimu inatosha. Mimi nasema elimu peke yake haitoshi, na hata hiyo tunaifanya vibaya. Ukimwambia kijana kwamba kubeti ni dhambi, anakuitikia "ndiyo mama" na anaondoka. Mpe hesabu.

Tuseme mechi moja ina bei hizi, yaani ukipatia, ulichoweka kinarudi mara hizo: wenyeji 2.20, sare 3.10, wageni 3.10. Ukitaka upokee franga 1,000 matokeo yoyote yatakayotoka, utaweka karibu 455 kwa wenyeji, 323 kwa sare na 323 kwa wageni. Umetoa 1,100 na zaidi kidogo ili upate 1,000. Ile mia ni ya mwenye nyumba, na mpira haujaguswa bado. Sasa vijana wetu hawachezi mechi moja. Wanaunganisha kumi kwenye tiketi moja kwa sababu ya ile namba kubwa iliyoandikwa chini, na kila mechi inakata tena fungu lake kwenye kilichobaki. Kwa bei za namna hii, katika kila franga 1,000 zinazowekwa, zinazorudi kwa wachezaji kwa wastani ni kama 390. Nilipoyaandika haya ubaoni, kijana mmoja shabiki wa timu ya Lupopo akaniuliza: "Mama, hata kama najua mpira?" Kuujua kunasaidia kidogo. Lakini waliopanga bei wanaujua pia, na fungu lao limekwisha kutoka.

Lakini mwana wa mwenzetu anajua hesabu kuliko mimi. Shirika la Afya Duniani limeweka kamari iliyomshinda mtu katika orodha yake ya magonjwa, ile inayotumika tangu 2022. Ugonjwa hauponi kwa ubao. Ndiyo sababu nataka tuwaendee washauri wa komine tuliowachagua tarehe 20 Desemba 2023, tuwaombe wajadili umbali kutoka shule, saa za kufungua, na mtoto kutoingia. Mnasemaje?

*Mmotari (dereva wa pikipiki), Katuba:*
Mama, pole sana kwa mwenzenu. Mimi jioni naweka 1,000, na sijaiba kwa mtu. Mkifunga ile nyumba, simu iko mfukoni mwangu, nitabeti nikiwa kwenye parking. Na yule binti wa dirishani anayekata tiketi analisha wadogo zake watatu. Mtampa kazi gani?

*Mwalimu, Ruashi:*
Kati ya kufunga na kuacha kuna njia. Uganda, katika sheria yake ya 2016, iliweka umri wa kubeti kuwa miaka 25. Uingereza, Aprili 2019, ilishusha kiasi cha juu cha kuweka mara moja kwenye mashine fulani za madukani kutoka pauni 100 hadi 2. Sheria haikuamuru maduka yafungwe, ililenga kasi ya mtu kufilisika. Na sisi tayari tuna sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, inayosema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Mama haombi jambo geni.

*Mwenye kuanzisha:*
Mwanangu wa Katuba, kwa yule binti sina jibu, na sitajifanya ninalo. Ndiyo sababu mimi siko upande wa kufunga zote. Wewe ni mtu mzima, franga zako ni jasho lako. Ninachokataa ni mashine kumngojea mtoto mwenye kitabu mkononi.

La simu ni kweli kabisa, barua kwa komine haitaigusa. Sisi tumebadilisha utaratibu: pesa ya zamu haitalala tena kwenye simu ya mtu. Wamama wawili wanaipeleka siku ileile, kama ni shule basi shuleni, na risiti inasomwa mbele ya wote. Mama mmoja alikasirika, akaona tunamfanya mwizi. Tulikaa naye hadi giza.

Mwalimu, nisaidie kuandika ile ya kasi, sijaifikiria hata siku moja. Na aliyewahi kupeleka barua kwa baraza la komine yake atuambie: aliipokea nani, na mliambatanisha nini? Kati ya shule na soko tumehesabu mashine tisa. Ijumaa tunapita tena, saa ile watoto wanatoka.