Mrejesho: Wifi yangu Mmalaysia na chuo cha Uingereza

Wakuu, salamu kutoka Kuala Lumpur. Mwaka jana niliwauliza kuhusu wifi yangu, Mmalaysia, alikuwa anamaliza STPM (kidato cha sita cha huku) na anataka shahada Uingereza. Wakala alitung'ang'aniza tulipie kwanza mwaka wa maandalizi, nikawauliza kama ni lazima, nanyi mkanipa njia nyingine.

Changa la macho. Vyuo vingi vya kule vinaipokea STPM kama A-level. Maandalizi ni ya walioishia SPM, yaani kidato cha tano. Tukaomba wenyewe kupitia UCAS, mfumo wa kuombea vyuo vya Uingereza.

Mliosema Chevening, ile skolashipu ya serikali ya Uingereza, ni ya uzamili na inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi. Bado sana kwake. Aliyetaja Nottingham, chuo cha Uingereza, shikamoo: wapo Malaysia tangu 2000, kampasi iko Semenyih, na shahada ni ileile. Mama mkwe alifurahi, mtoto atakuja kula nyumbani wikendi. Binti akanuna siku mbili.

Basi anaenda Leeds, kulekule Uingereza. Kilichotutoa jasho ni pesa ya viza, lazima ikae benki siku 28 mfululizo. Siku ya 19 mume wangu akachomoa ringgit 800 za kutengeneza pikipiki, salio likashuka chini ya kiwango, tukaanza kuhesabu upya. Wamalaysia kwa kawaida hawaambatishi taarifa ya benki, ila ofisi ya viza ikiidai uwe nayo.

Kifua kikuu cha viza kashapima jana. Sasa ugomvi ni sambal, pilipili ya kusaga ya huku: mama mkwe kasaga chupa sita, na begi mwisho kilo 30.