Kumshuhudia jirani: tungoje hadi lini?

Muyeye_Kwaya:
Bwana asifiwe. Kikundi chetu cha ushuhuda hapa Malindi kina watu 6, na kila Jumamosi alasiri tunazunguka nyumba zile zile za Maweni. Ziara ya kwanza na ya pili tunakaribishwa vizuri, chai na mahamri. Ya tatu, mwenyeji "ametoka". Wengine kikundini wanasema tunawaharakisha watu, wengine wanasema wokovu hauna kesho. Tunakosea wapi?

Mzee wa Barani:
Asifiwe milele. Kwanza, watu 6 sebuleni ni baraza la wazee. Nendeni wawili wawili, kama Marko 6:7. Mama akiwa peke yake nyumbani, waende kina mama. Hodi tatu, msipoitikiwa, rudini zenu bila kuchungulia. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Adhana ya magharibi isiwakute nyumbani kwa Mwislamu, na mwezi wa Ramadhani acheni kabisa ziara za alasiri, kwani jikoni wanashughulikia futari.

Lakini kosa lenyewe, naona, ni ule wito wa kumtaka mtu aamue kuokoka papo hapo. Mtu wa Pwani haoni vyema kumkatalia mgeni usoni. Atasema "inshallah", atainamisha kichwa muombe, nanyi mnaandika daftarini kwamba ameokoka. Kumbe amekubali ili muage kwa amani. Jumamosi ya pili anaona haya kukutana nanyi, ndipo mtoto anatumwa mlangoni, kashika pazia: "Mama hayupo." Hajaikataa Injili huyo. Mmemtia aibu.

Mwalimu_Marko:
Kuhusu muda: Injili ya Marko ina sura 16. Mwenyeji akisema mwenyewe kwamba anataka kujua, sura moja kwa wiki ni karibu miezi 4. Asome yeye, kwa sauti. Bibi anayefikiri kwa Kigiriama asomewe Kigiriama. Maswali mawili tu: Yesu anafanya nini hapa? Kipi kinakukwaza? Halafu nyamaza. Kimya cha dakika nzima humtesa mhubiri, lakini ndimo msomaji anamofikiri. Swali lililokushinda liandike, mrudie nalo wiki ijayo. Petro anasema tumjibu kwa upole yule anayeuliza (1 Petro 3:15). Anayeuliza, jamani!

Tena msipeleke unga mkono huu na Biblia mkono ule. Mwenye njaa atakubali lolote, na unga ukiisha hamtamwona. Jirani mwenye shida asaidiwe hata kama amesema hapana.

Muyeye_Kwaya:
Ahsanteni sana. Na akisema wazi hataki?

Mzee wa Barani:
Mnaacha kumsomea, hamwachi ujirani. Akifiwa mnafika hangani na kuteka maji kama wengine. Msimtumie mistari kwa WhatsApp kila alfajiri. Hao wa "hauna kesho" wakumbusheni Rebmann, yule mmisionari Mjerumani: alifika Mombasa 1846, akafanya kazi Rabai, karibu na Mombasa, hadi 1875, akaondoka kipofu, na walioamini walikuwa wachache mno. Hakuwa mvivu. Miaka mingi aliitumia kujifunza lugha za watu na kuandika maneno yao.

Jumamosi hii anzeni na zile nyumba ambako mtoto alitumwa mlangoni. Aende mtu mmoja, aombe radhi kwa ile haraka, anywe maji akipewa, aage. Biblia siku hiyo ibaki nyumbani.