Scrooge alibadilika kwa woga au huruma? Msaada wa haraka

Kalamu_Kavu: Wakuu heshima kwenu. Nina insha ya A Christmas Carol ya Dickens, natakiwa nieleze hisia za Scrooge, yule tajiri bahili, na jinsi hali ya hadithi inavyogeuka. Nimeandika jamaa aliogopa kufa, kaona kaburi lake akanyooka. Nipeni tu maneno mazito ya kupambia, nawasilisha kesho asubuhi na hata usingizi siupati.

BiNyota: Maneno mazito ya nini na hoja nyepesi? Scrooge analia mapema kabisa, mzimu wa kwanza kati ya mitatu inayomjia usiku unamrudisha utotoni, anajiona mtoto kaachwa peke yake shuleni wenzake wameenda kwao Krismasi, mara anamkumbuka yule mtoto aliyemtimua mlangoni akiimba, anatamani angempa chochote. Hapo kaburi liko wapi?

MzeeWaStoo: Mi huyo Scrooge nimefanya naye kazi 😂 Kwenye kitabu kaficha makaa chumbani kwake, karani Bob anajaribu kuota moto wa mshumaa. Wa kwangu alikuwa anazima feni akitoka yeye, sie tunabaki tunaloa jasho mpaka jioni.

Mnyenyekevu: Pesa tutaziacha ndugu zangu. Tubuni.

BiNyota: Kalamu hujajibu. Kitabu umekisoma chote?

Kalamu_Kavu: Nimesoma sura ya kwanza na ya mwisho. Sasa kama mwanzo ni bahili kanuna na mwisho anacheka, katikati kuna nini zaidi ya kutishwa? Na nimeshajaza kurasa tatu, sifuti kitu.

MzeeWaStoo: Sura zenyewe tano we umeruka tatu 😂😂

Chunusi: Mnaliwa wakuu. Mtu hajalala, ana presha, halafu koma zote ziko mahali pake? Huyu ni mwalimu anatafuta majibu ya kusahihishia. Mods cheki ID imefunguliwa lini.

MzeeWaStoo: Kama ni ticha atulipe.

Kalamu_Kavu: Mi sio mwalimu jamani! BiNyota, hiyo ya shuleni iko sura ya ngapi?

BiNyota: Ya pili. Na woga usiutoe, mzimu wa mwisho hausemi hata neno moja na hiyo inatisha kweli. Ila soma sura ya tatu, anamuuliza mzimu kama Tiny Tim atapona. Kabla hajaliona kaburi lake ameshaanza kuogopea mtoto wa karani wake.

Kalamu_Kavu: Si umeona, kaogopa! Basi woga unabaki, naongeza aya moja tu ya huyo mtoto.

Chunusi: "Aya moja". Ticha kabisa huyu.