Saplimenti za mimea za kushusha kolesteroli, ipi inafanya kazi kweli?

Mama Salma: Habari zenu wapendwa. Nimepima nikaambiwa LDL, yaani kolesteroli mbaya, ipo 4.1, daktari kasema nirekebishe kwanza msosi na mazoezi tutapima tena baada ya miezi 3, sasa kila ninayemwambia ana dawa yake, huyu vidonge vya kitunguu saumu, huyu manjano, mwingine mdalasini. Mwenye kujua anisaidie maana sitaki kumaliza hela bure.

Mfamasia_Juma: Pole mama. Hivyo vitatu usivitegemee. Mwaka 2022 ulitoka utafiti Marekani, walilinganisha rosuvastatini, dawa ya hospitali ya kolesteroli ya kundi la statini, ya miligramu 5 tu na saplimenti 6, hivyo vyako vyote vimo, kwa siku 28. Dawa ilishusha LDL karibu asilimia 38, saplimenti hakuna hata moja iliyokizidi kidonge cha bandia kisicho na dawa ndani kwa maana yoyote.

Bi Zuhura: Kweli, ila mi nisingemkatisha tamaa kabisa, kuna maganda ya isabgol. Yale ni nyuzinyuzi, ukinywa yanageuka ute tumboni yananasa nyongo unaitoa chooni, basi ini linalazimika kuvuta kolesteroli toka kwenye damu litengeneze nyongo nyingine. Gramu 10 hivi kwa siku zinashusha LDL kama asilimia 7, si nyingi lakini ni ya kweli. Anza kidogo kidogo maana gesi utaiona, na maji glasi nzima mama angu, ukinywa na maji kidogo yanavimba yanakukaba kooni. Kama una dawa zingine ziachie nafasi ya masaa mawili.

Mama Salma: Asante sana Bi Zuhura. Na ule mchele uliochachushwa na hamira nyekundu? Nimeambiwa huo ndo kiboko na hauna kemikali.

Mfamasia_Juma: Huo unashusha kweli, na ndo unaonitia wasiwasi kuliko vyote. Ndani yake kuna monakolini K, ambayo ni lovastatini ile ile ya hospitali, nayo ni statini, tofauti kwenye kopo hujui umepewa kiasi gani. Maumivu ya misuli na shida za ini zinaweza kukupata vile vile, na kuna makopo yamekutwa na sitrinini, sumu ya ukungu inayoharibu figo. Umoja wa Ulaya 2022 wameamua monakolini iwe chini ya miligramu 3 kwa siku. Usiuchanganye na statini hata siku moja, na mwenye mimba asiuguse. Ukiona bado unautaka mwambie daktari kabla hujaanza, atakupima ini kwanza.

Mama Salma: Basi huo nauacha, naanza na isabgol nikapime tena.