Naomba ushauri: nibadili ioni au tawi la molekuli ili nipate fuwele?

Ndugu wanakemia, ninachunguza jinsi ioni na matawi ya molekuli yanavyoamua mpangilio wa fuwele katika chumvi za imidazoliamu (ioni chanya yenye pete ya kaboni tatu na naitrojeni mbili), na nimekwama. Kloridi yenye tawi la butili (mnyororo wa kaboni nne) huyeyuka karibu na nyuzi 70 za Selsiasi, lakini ukiweka heksafluorofosfeti mahali pa kloridi unapata kimiminika katika joto la chumbani, kwa kuwa anioni hiyo, yaani ioni yenye chaji hasi, ni kubwa, chaji yake imesambaa, na haishikani sana na hidrojeni za pete. Hilo nalielewa. Kinachonisumbua ni kaboni iliyo kati ya naitrojeni mbili: ukiondoa hidrojeni yake na kuweka methili (kundi la kaboni moja), unakata kifungo cha hidrojeni kilicho imara zaidi, kwa hiyo ungetarajia chumvi iyeyuke mapema, kumbe kiwango cha kuyeyuka kinapanda. Je, inatosha kueleza kwamba methili hiyo inalinyima tawi la butili uhuru wa kujipinda?

Tatizo langu la pili ni la mikono. Fuwele za kloridi nilizozipata, nyembamba kama sindano, zilifyonza unyevu wa hewa zikageuka matone juu ya kioo cha hadubini kabla sijazifikisha kwenye mashine ya eksirei. Nimefikiria kutumia tetrafenilborati, ambayo haifyonzi maji kwa urahisi, ila naogopa kwamba anioni kubwa kiasi hicho itabadilisha mpangilio wote na kuniharibia ulinganisho. Je, mngenishauri nizifunike fuwele za kloridi kwa mafuta mazito, au nihamie kwenye bromidi?