MREJESHO: if-else na switch, ipi ina kasi?

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama kugeuza if-else zangu 12 (maagizo ya kuchagua kwa sharti) kuwa switch (agizo la kuchagua kwa thamani) kwenye programu ya lugha ya C kutaiharakisha. Nimepima kwa GCC, kompaila inayogeuza msimbo wa C kuwa programu. Bila -O2 (chaguo la kuiambia kompaila iongeze kasi), switch ilitangulia: kesi zangu ni namba zinazofuatana, 0 hadi 11, hivyo kompaila hutengeneza jedwali la anwani na kuruka moja kwa moja, ilhali if hukagua sharti moja baada ya jingine. Nilipowasha -O2, zote zikamaliza papo hapo. Nikashangilia bure! Kumbe kompaila ilifuta mzunguko mzima wa jaribio kwa vile jibu sikulitumia popote. Mliosema nichapishe jumla mwishoni ili jibu litumike, asanteni. Baada ya hapo tofauti haikuonekana. Kwenye programu yenyewe, mchelewaji alikuwa printf (agizo la kuchapisha) ndani ya mzunguko, nimeiondoa. Switch nimeibakiza, inasomeka vizuri.