Kigeu kimoja cha globali, Windows kinanipa thamani mbili. Naomba ushauri

mlinda_kaunta:
Wakuu habari za jioni. Nina programu ya duka niliyoandika kwa C, Linux inafanya kazi vizuri tu. Sasa mteja anaitaka Windows. Kuna programu kuu, kuna laibrari shirikishi inayoongea na printa ya risiti, halafu kuna laibrari tuli ndogo ya mipangilio ambayo zote mbili zinaitumia. Humo ndimo kilipo kigeu `int kiwango_logi = 0;`.

Programu kuu ikiwaka inakipa 3. Linux upande wa printa unasoma 3. Windows, kwa Visual Studio, inakompaili bila kelele, inawaka, ila DLL (laibrari shirikishi ya Windows, hapa ile ya printa) inasoma 0. Nimechapisha `&kiwango_logi` pande zote: Linux anwani ni ileile, Windows ni mbili tofauti. Sitaki kuandika upya kila kitu. Nawasilisha.

fundi_heda:
Anwani mbili, basi una vigeu viwili vyenye jina moja, mkuu. Hiyo laibrari tuli umeilinka ndani ya EXE na ndani ya DLL, kila upande umebeba nakala yake. Linux ilikuwa inakufichia: jina likiwa limetangazwa nje na programu kuu na pia na .so (laibrari shirikishi ya Linux), kipakiaji kinashika la kwanza kukutana nalo, la programu kuu, na wote wanaelekezwa huko. Windows si hivyo: DLL ikishalinkwa, majina yake ya ndani yameishia humohumo.

Na hata Linux usijiamini sana. Ukifungua plagini kwa `dlopen`, programu ikiwa tayari inaendeshwa, na programu kuu hukuilinka kwa `-rdynamic` (inayotangaza majina yake nje), nakala mbili utazipata.

Bitisita:
Mipangilio ifanye DLL yake. Kwenye heda weka makro: `__declspec(dllexport)` unapoijenga, `__declspec(dllimport)` wengine wanapoitumia. Hiyo ya pili watu huipuuza kwa sababu kwa fanksheni mambo huenda bila hiyo, linka inaweka kipande kidogo cha kurukia. Kwa data kama kigeu chako hakuna cha kurukia, linka itakugomea kwamba jina halionekani. CMake, zana ya kujenga programu, ina `WINDOWS_EXPORT_ALL_SYMBOLS` ya kutoa majina yote nje, lakini data bado itadai `dllimport`.

mama_kompaila:
Mimi kigeu hata nisingekitoa nje. Kifanye `static`, kisionekane nje ya faili lake, toa fanksheni mbili, ya kuweka na ya kusoma. `errno` yenyewe, ile ya namba ya kosa katika C, ni hivyo: kwenye glibc (laibrari ya C ya Linux) ni makro inayoita `__errno_location()`, Windows inaita `_errno()`.

fundi_heda:
Sawa dada, ila asiziache kwenye laibrari tuli. Atakuwa na fanksheni mbili mara mbili.

mlinda_kaunta:
Nimefuata ya mama_kompaila, ndani ya DLL yake. Logi imekaa sawa, shukrani. Ila limezuka jingine: DLL ya printa inatenga kumbukumbu ya maandishi kwa `malloc`, programu kuu ikiita `free` kuiachia inakufa papo hapo.

mama_kompaila:
Angalia kama umejenga kwa `/MT`. Hapo kila upande una laibrari yake ya C, na kila moja ina msimamizi wake wa kumbukumbu, kwa hiyo unarudisha mzigo kwa asiyekupa. Pande zote zijenge kwa `/MD`, zitumie laibrari moja ya C. Bora zaidi, DLL itoe `printa_achia()`, aliyetenga ndiye aachie.